Uliza Mwalimu: Kemia ya advansi, niichukue au niiache?

Msimu wa kuchagua masomo ukifika barua za ukurasa huu zote zinaimba wimbo mmoja, kemia kemia kemia. Nimelifundisha hili somo miaka mingi na nalipenda, silifichi hilo, na ndio maana nataka anayelichukua ajue anaingia wapi na anayeliacha aliache kwa sababu yake mwenyewe, sio kwa hofu ya kusimuliwa. Leo nimechukua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana naona wengi mnaumwa ugonjwa huohuo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza sekondari ya kawaida na kemia nimepata alama ya juu kabisa, darasa zima tulikuwa watatu tu. Nyumbani wameshaanza kuniita dokta. Tatizo mwalimu, ukweli wa Mungu nilikuwa nakariri, nilikuwa na daftari la maswali na majibu nalimeza usiku kucha mtihani ukija natapika yote pale basi imeisha, leo hii ukiniuliza moli ni nini nitakupa ile sentensi ya kwenye daftari lakini yenyewe hasa siijui. Kuna dada jirani yetu kasoma kemia advansi ananiambia nisithubutu, eti hakuna somo linaloangusha watu kama hilo. Na mimi napenda pia jiografia na lugha. Udaktari siuchukii ila sijui kama naupenda au napenda tu kuitwa dokta. Nifanyeje mwalimu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nikushukuru kwa kusema ukweli, maana hilo la kumeza usiku na kutapika asubuhi wengi hawalisemi mpaka wameshakaa muhula mzima advansi, mtihani wa kwanza umewaangusha chini pwaa, na hapo wanaanza kujiona wamekuwa wajinga ghafla. Ujinga umetoka wapi? Akili ni ileile, ila maswali yamebadilika na hakuna aliyewaambia mapema.

Yamebadilikaje, ngoja nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu. Ulifundishwa kwamba sodiamu ina elektroni 2,8,1, ukachora viduara vitatu ukapewa alama zako. Ukaambiwa pia ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia kwenye jedwali la elementi atomi inazidi kuzishikilia elektroni zake, kwa hiyo kuzing'oa kunazidi kuwa kugumu. Sawa. Sasa advansi, wiki za mwanzo tu, unawekewa namba mezani: kung'oa elektroni moja moja kutoka kwenye moli nzima ya atomi za sodiamu (moli nitakueleza hapo chini) kunataka nishati ya kilojuli 496, magnesiamu inayofuata inataka 738, imepanda kama ulivyoambiwa, halafu inakuja aluminiamu, 578. Imeshuka! Na mwalimu anakugeukia anakuuliza, kwa nini?

Hapo aliyezoea kumeza anaanza kupekua daftari na hakuna kitu. Aliyezoea kujiuliza anaanza kubabaisha, anasema labda hiyo elektroni ya aluminiamu haikai chumba kimoja na zile za magnesiamu, na kumbe ameshaligusa jibu, kwa sababu elektroni ya nje kabisa ya aluminiamu iko kwenye obitali, yaani chumba chake, inayoitwa 3p ambayo iko juu kidogo kinishati kuliko 3s, chumba cha zile za magnesiamu, na zile mbili za 3s zinaikinga isivutwe sana na kiini, kwa hiyo inatoka kwa urahisi zaidi. Vile viduara vitatu havikuwa uongo mwanangu, vilikuwa picha ya kuanzia, ila picha hiyo haiwezi kukueleza 578 imetoka wapi. Halafu rudi kwenye sodiamu yenyewe. Elektroni ya kwanza 496, ya pili 4562, zaidi ya mara tisa! Kwa sababu ya pili inabidi uitoe kwenye tabaka la ndani lililojaa na lililo karibu na kiini. Namba hiyo moja inakueleza kwa nini chumvi ya mezani ina ioni ya sodiamu yenye chaji moja na sio mbili, kitu ambacho ulikikariri miaka miwili bila kuambiwa sababu.

Sasa niambie ukweli tena kama ulivyouanza. Ulipokuwa unasoma hapo juu, ulitamani kulikisia jibu kabla sijalitaja, au ulitaka nimalize upesi? Usijibu kwa aibu. Mimi naamini hilo swali lina uzito kuliko ile alama yako ya juu, kwa sababu kemia ya advansi ni hiyo hali ya kuulizwa kwa nini kila siku kwa miaka miwili.

Nikusimulie. Mwaka mmoja nilipokea wanafunzi wawili kwa pamoja, mmoja alama zake kama zako, mwingine alama ya katikati tena kidogo wamkatalie nafasi. Huyu wa katikati alikuwa kila nikimaliza kuandika mmenyuko ubaoni mkono uko juu, mwalimu lakini kwa nini usirudi nyuma, mwalimu lakini ile nyingine imeenda wapi, wenzake wanaguna yeye haachi. Mtihani wa kwanza alipata vizuri tu, na yule wa alama za juu akaja ofisini kwangu analia, karatasi imekunjwa mkononi, anasema mwalimu nilisoma mpaka saa tisa usiku. Na alisoma kweli, nilimwamini. Tukalifunga lile daftari lake la maswali na majibu, tukachukua mwezi mzima tunafanya moli tu, kila siku jioni hesabu tano na kila hesabu anieleze kwa mdomo amefanya nini na kwa nini. Ilimuuma sana mwezi ule. Lakini alimaliza na alama nzuri, kwa hiyo usinielewe vibaya, kukariri sio kilema cha maisha, ni tabia na tabia inabadilika ila inadai muda na inadai ukubali kukosea mbele za watu.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu jipe wiki tatu. Wiki ya kwanza shughulika na moli peke yake. Hiyo sentensi ya daftari itupe, anza na hili: moli ni hesabu ya vitu, kama unavyosema dazeni ukamaanisha 12, ukisema moli unamaanisha 6.022 mara 10 kwa kipeo cha 23, basi. Tangu mwaka 2019 wanasayansi duniani wameifunga kabisa hiyo namba, haipimwi tena kutoka kwenye gramu 12 za kaboni kama vitabu vya zamani vinavyosema. Namba ni kubwa hivyo kwa sababu atomi ni ndogo mno na sisi tuna mizani inayopima gramu, tulihitaji daraja la kutoka kwenye atomi kwenda kwenye gramu. Ukilielewa daraja hilo tafuta hesabu za moli za mitihani ya nyuma, fanya kama 20 hivi bila kuchungulia fomula. Wiki ya pili azima kitabu cha mwaka wa kwanza wa advansi, soma sura ya muundo wa atomi polepole, kisha jaribu maswali ya mwisho wa sura. Wiki ya tatu chukua mtu yeyote nyumbani, mdogo wako hata, mweleze kwa lugha yako kwa nini aluminiamu inashuka. Utakwama, kila mtu anakwama pale. Angalia unafanya nini ukishakwama. Kama unarudi tena mezani hata kwa hasira, ichukue kemia. Kama wiki tatu nzima kila ukifungua kitabu unajisikia unabebeshwa mzigo wa mtu mwingine, hilo nalo ni jibu na ulisikilize.

Kuhusu udokta. Vyuo vingi vya udaktari vinadai kemia ya advansi, na mara nyingi bailojia pamoja nayo, famasia nayo karibu kila mahali ni hivyohivyo, udaktari wa meno na wa mifugo vilevile. Ukiiacha kemia leo, kuirudia baadaye inawezekana ila inakula miaka. Hiyo ni kweli na inabidi uijue. Ila kuna kweli nyingine watu hawaisemi, kwamba kemia yenye alama mbovu nayo haikupeleki udaktari, kwa hiyo mtu asikwambie uchukue tu ili mlango ubaki wazi. Tafuta nafasi ya kukaa hata siku mbili karibu na watu wa afya, uone kazi yenyewe mbali na hilo jina, uone kama bado unaitaka. Jiografia na lugha sio masomo ya walioshindwa na usikubali mtu akuambie hivyo.

Na yule dada jirani muulize swali moja tu, kwamba wewe ulipoingia ulikuwa unasomaje? Jibu lake litakusaidia kuliko onyo lake.

SWALI: Mwalimu habari. Mimi kemia naipenda sana hasa maabara, ila hesabu zangu mbovu. Sio mbovu ya kufeli, ya katikati. Watu wanasema kemia ya advansi ni hesabu tupu, je nitaweza kama sisomi hesabu kama somo?

JIBU: Nzuri mwanangu. Sio hesabu tupu, ila hesabu ipo na huwezi kuikwepa. Ninachoweza kukuambia ni aina ya hesabu yenyewe: uwiano, kugeuza fomula ili kitu unachokitafuta kibaki peke yake upande mmoja, vipeo vya kumi, kusoma mwinuko wa grafu, na logi unapofika kwenye pH, kile kipimo cha ukali wa asidi. Hapo kwenye logi wengi wanatishika bure, kikokotoo kinakufanyia, wewe unachotakiwa kukielewa ni kwamba ukitoka pH 2 kwenda pH 3 ile asidi imepungua ukali mara kumi na sio kidogo tu kama namba zinavyoonekana.

Lakini wanaoanguka kwenye hesabu za kemia mara nyingi hawaangushwi na hesabu. Umesema unapenda maabara basi twende hukohuko. Umevuta kwa pipeti sm za ujazo 25.0 za sodiamu haidroksaidi ukaziweka kwenye chupa, umedondoshea matone mawili ya fenolfthalini, ile dawa ya kuonyesha rangi, imekuwa ya waridi. Kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo na koki chini, una asidi ya salfuriki ya moli 0.050 kwa lita. Unaifungulia kidogo kidogo huku unatikisa chupa, karibu na mwisho unaona waridi inapotea pale tone lilipodondokea halafu inarudi, inapotea inarudi, sasa unakwenda tone moja moja, macho yako usawa wa mstari wa maji usiinamie usisimame juu yake, na tone moja linaingia rangi inaondoka moja kwa moja. Unasoma bureti, umetumia 22.40. Unarudia mpaka upate mara mbili zinazokaribiana ndani ya 0.10.

Haya, piga hesabu. Moli za asidi ni 0.050 mara 22.40 gawanya kwa 1000 ili sm za ujazo ziwe lita, unapata 0.00112. Hapa ndipo nusu ya darasa inapopotea, wanachukua hiyo 0.00112 wanaigawa kwa 0.025 wanaandika jibu la haidroksaidi 0.0448 wanapiga mstari chini kwa furaha. Makosa! Asidi ya salfuriki inatoa haidrojeni mbili, kila moli moja yake inakula moli mbili za haidroksaidi, kwa hiyo haidroksaidi ilikuwa 0.00224, ukigawa kwa 0.025 ni 0.0896 moli kwa lita. Aliyekosa amekosa hesabu? Kuzidisha na kugawanya amefanya sawasawa kabisa. Amekosa kemia, hakusimama kuuliza nani anakutana na nani na kwa uwiano gani.

Kama hiyo hapo juu umeifuata mpaka mwisho hata kama ulirudia mara mbili basi hesabu ya katikati inatosha kuanzia. Ila angalia kozi unayoiwazia mbele, maana ukitaka uhandisi wa kemikali kwa mfano hesabu kama somo utadaiwa, na mtu anayetaka kusoma kemia yenyewe chuo kikuu akiwa na hesabu atapumua vizuri zaidi.

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni mzazi. Kijana wangu ana akili sana, kafaulu masomo yote ya sayansi, lakini kang'ang'ania anataka hesabu, fizikia na kompyuta, kemia hataki hata kuisikia. Mimi nimemwambia achukue kemia kwa sababu kemia inafungua milango mingi, yeye ananijibu kwamba mlango asioutaka hana haja ya ufunguo wake. Naomba umwambie wewe labda atakusikia.

JIBU: Nimeshapoa ndugu yangu, na asante kwa kuandika, najua unafanya hivi kwa mapenzi. Lakini sitamwambia, na nitakueleza kwa nini.

Hilo la milango ni kweli kwa mtoto ambaye hajui anakokwenda na kati ya anavyoviwaza kuna afya, maabara, kilimo, vyakula, dawa. Huyo hata mimi ningemsukuma kidogo. Wako amekuambia anataka kompyuta. Kozi za sayansi ya kompyuta vyuoni zinachokitazama kwanza ni hesabu, kemia kwa kawaida hawaiulizi kabisa. Uhandisi wa majengo, wa mitambo, wa umeme, huko wanataka hesabu na fizikia. Kwa hiyo kwenye njia yake yeye kemia haimfungulii kitu ambacho hesabu na fizikia hazijakifungua, na itamlia masaa, maana hili somo lina maabara, lina ripoti za maabara, lina kusoma kila siku, sio somo la kuwekwa pembeni kama nyongeza.

Ninachokuomba ni hiki. Kaeni wawili jioni moja bila kugombana, yeye aandike kozi tatu anazozitaka, muangalie pamoja vigezo vya kuingilia kama vyuo vyenyewe vinavyoviandika, sio kama watu wanavyosema. Kama kuna hata kozi moja kati ya hizo inadai kemia ataiona kwa macho yake na hutakuwa na haja ya kumlazimisha. Muulize pia swali moja la upole, kwamba je udaktari na famasia umevifuta kabisa moyoni au unavikimbia kwa sababu mwalimu wa kemia mlikuwa hamuivi? Maana nimewaona watoto wanaacha somo kwa sababu ya mtu aliyekuwa analifundisha, na hiyo ni hasara kweli. Akikujibu kwamba amefuta na sababu zake zinaeleweka basi mwachie ndugu yangu. Jibu lake la ufunguo lilikuwa kali kidogo kwa mzazi, hapo mkanye, lakini hoja yenyewe ina mashiko.

SWALI: Shikamoo mwalimu, mimi nimeshaingia tayari, nina miezi miwili ya kemia advansi. Mtihani wa kwanza nimepata asilimia 31 na sijawahi kupata alama kama hiyo tangu nizaliwe. Maabara yetu nayo vifaa havitoshi, bureti moja tunashika watu sita. Wenzangu wawili wameshahama. Sasa nasikia oganiki inakuja na ndio mbaya zaidi. Nihame na mimi?

JIBU: Marahaba. Pole sana, najua hiyo 31 inavyochoma, na wala sio wewe peke yako, mtihani wa kwanza wa advansi unawapiga hata wanaokuja kufanya vizuri sana baadaye. Usihame wiki hii. Na sisemi usihame kamwe, nasema wiki hii hujui bado unachokikimbia.

Itoe hiyo karatasi ya mtihani uliyoificha. Chukua kalamu tatu za rangi tofauti. Kila alama uliyopoteza kwenye moli na hesabu izungushie nyekundu, kila uliyopoteza kwenye kueleza izungushie buluu, na kila uliyopoteza kwa sababu hukukisoma kabisa hicho kitu izungushie kijani. Halafu iangalie kwa mbali.

Kama kijani imejaa, shida ni muda na mpangilio, hiyo inatibika upesi. Kama nyekundu imejaa, rudi sekondari ya kawaida bila aibu, rudi kwenye moli na kusawazisha milinganyo, wiki mbili au tatu usiguse kingine jioni, kwa sababu moli ikiyumba kila topiki inayokuja mbele itayumba nayo, nishati, msawazo, asidi na besi, zote zinasimama juu yake.

Kama ni buluu, hapo kuna kazi ya aina nyingine. Nikupe mfano. Swali linauliza kwa nini kiwanda cha amonia kinatumia joto la nyuzi kama 450 hivi, na mwanafunzi anaandika "ili iende haraka", anapata alama moja kati ya tatu anashangaa. Hajakosea, amesema theluthi ya jibu. Naitrojeni na haidrojeni zikiungana zinatoa joto, kwa hiyo ukipoza mazingira msawazo, yaani ile hali ya mmenyuko kwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi moja, unaegemea upande wa amonia na unapata nyingi zaidi, tatizo ukipoza sana inakwenda polepole mno, hata ukiweka chuma cha kuharakisha kama wanavyofanya, utasubiri mpaka kiwanda kifilisike. Ndio wakachagua joto la katikati, wakaongeza na mgandamizo wa kama mara 200 ya ule wa hewa tunayoivuta. Jibu kamili lina faida, lina hasara, lina uamuzi. Jizoeze kuandika hivyo, kila ukimaliza sentensi jiulize kwa sababu gani, ongeza sentensi, jiulize tena, mpaka ufike chini kwenye elektroni au kwenye nishati. Ukifika hapo simama, umefika.

Kuhusu oganiki, yaani kemia ya kampaundi za kaboni, waliokutisha wamekutisha na wingi wake. Ni kweli ni nyingi, na ukiibeba kama orodha ya mimenyuko itakuvunja mgongo. Ila ina siri moja ya wazi kabisa, elektroni zinatoka zilikojaa zinakwenda zinakohitajika, vile vimshale vilivyopinda unavyoviona kwenye kitabu vinaonyesha safari hiyo na si kingine. Chukua bromoetani ikutane na ioni ya haidroksaidi. Bromini inavuta elektroni kwake kuliko kaboni, kwa hiyo ile kaboni inabaki na upungufu kidogo, haidroksaidi ina jozi ya elektroni imekaa tu, inaona upungufu inaingia, na bromini inaondoka na jozi yake. Imekwisha, umepata ethanoli. Ukikutana na mmenyuko mpya usiukariri kwanza, tafuta nani anazo na nani hana. Kuna watu wengi tu moli ziliwatesa mwanzo wakaja kuipenda kemia kupitia oganiki, kwa hiyo usiihukumu kabla haijafika.

Bureti moja watu sita ni shida ya kweli na sitaki kuipunguza, inaniuma nikisoma hivyo. Fanyeni zamu ya kazi, mmoja anashika bureti, mmoja anatikisa, mmoja anasoma, mmoja anaandika, na wawili wanapiga hesabu palepale kabla ya jibu la kikundi, halafu mbadilishane kila mara ili asiwepo anayeandika mwaka mzima hajashika kitu. Ombeni kubaki baada ya vipindi hata siku moja kwa wiki, nyie sita mkiomba pamoja mtasikilizwa zaidi kuliko ukienda peke yako. Bureti ikiwa kwa mwenzako wewe soma ule mstari na yeye, andika namba yako pembeni kabla hajasema yake, mkitofautiana rudini kuangalia tena.

Kuhama jiwekee tarehe, iwe mwisho wa muhula huu, na uliza mapema shuleni kama kubadilisha bado kunaruhusiwa ukifika hapo ili usije ukafungiwa nje. Ukifanya kazi hiyo ya kalamu tatu kwa wiki sita na bado kila siku unaamka na uzito kifuani, hama mapema ukiwa na muda wa kulijenga somo jingine, hakuna dhambi. Wale wenzako wawili huenda wameamua vizuri kwa upande wao, sababu zao sio zako.

Anza leo usiku na hiyo karatasi ya 31, kisha niandikie rangi gani imezidi. Ikiwa nyekundu nitakupangia hesabu za moli za kuanzia, ziko kwenye daftari langu la kufundishia tayari.